Ukiyatoa maziwa ya unga kwenye mkate, unaweka nini?

Hapa Tanga haipiti wiki bila mtu kuniuliza: "Badala ya maziwa ya unga niweke nini?" Nami huwa namrudishia swali: maziwa hayo yalikuwa yanakufanyia kazi gani? Wengine huona nawazungusha. Siwazungushi. Mkate wa bofulo tuliokulia ni unga, maji, hamira na chumvi basi, na mpaka leo watu wanaupangia foleni. Mkate hauhitaji maziwa. Ni ule mkate wa slesi, laini, wenye ganda la rangi ya hudhurungi na unaokaa siku tatu bila kukauka, ndio uliozoea kupewa maziwa. Kwa hiyo ukiyatoa, kuna kazi zinabaki bila mtu, na kila kazi ina mtu wake wa kuishika.

Kwanza, usiyatoe bure. Wengi wanaokuja kwangu maziwa huwasumbua tumbo: gesi, kuharisha, kujaa. Hao shida yao ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. Mwili wa mtu mzima mara nyingi huacha kuisaga, ingawa kwetu Afrika Mashariki hali inatofautiana kati ya jamii na jamii. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kuwa wafugaji wa huku walipata uwezo wa kunywa maziwa ukubwani kwa njia yao wenyewe, tofauti na Wazungu. Sasa piga hesabu nami. Mkate wa nusu kilo ya unga huwekwa gramu 20 hivi za maziwa ya unga. Kama ni yale yaliyotolewa mafuta, nusu yake ni laktosi, yaani gramu 10. Ukikata slesi 16, kila slesi ina gramu 0.6. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama gramu 12. Mtu anayeumwa tumbo kwa laktosi, mara nyingi slesi mbili hazimgusi kabisa.

Mwenye mzio wa maziwa ni habari nyingine. Huyo mwili wake unapigana na protini za maziwa, na kiasi kidogo sana kinaweza kumdhuru. Hata maziwa yaliyoandikwa kuwa hayana laktosi hayamfai, kwa sababu protini zimo zote.

Nililijifunza hili kwa aibu. Mama mmoja alikuwa akiagiza mkate wa mwanawe wa miaka sita, nami nilikuwa nautengeneza kwa tui nililokamua mwenyewe. Siku moja nazi zikanipiga chenga sokoni, nikachukua dukani pakiti ya tui la unga. Nazi ni nazi, nikajiambia. Jioni akanipigia simu: "Dada, leo umeweka nini? Mtoto midomo imevimba, ana vipele shingoni." Kwa bahati alikuwa na dawa aliyopewa na daktari. Mimi nilikaa jikoni na ile pakiti, nikaimulika kwa tochi ya simu, na pale chini kabisa, kwa maandishi ya kuumiza macho, nikaona sodiamu kaseineti. Hiyo ni protini ya maziwa. Viwanda vingi huitumia ili mafuta ya nazi yakubali kugeuka unga yasigandamane, na ni jambo la kawaida kwenye tui la unga na kwenye ile "krimu" ya kahawa inayojinadi kuwa haina maziwa. Tangu siku hiyo sisomi mbele ya pakiti. Nageuza nyuma, natafuta neno lolote linaloanza na "casein", na neno "whey". Majarini nayo igeuze. Baadhi ina maziwa ndani. Na tukumbuke kwamba kwetu mtu akisema "siagi" huenda ana maana ya majarini, huenda ana maana ya siagi yenyewe. Ukiandikiwa upishi na shangazi, muulize.

Haya, turudi kwenye kazi.

Kazi ya kwanza ni rangi. Hamira hula sukari yetu ya kawaida, lakini laktosi haiiwezi. Hivyo unga unaumuka saa mbili, sukari uliyoweka inapungua, laktosi iko palepale. Ukifika moto, laktosi na protini zinaungana na kulipa ganda ile rangi na harufu. Ndiyo maana mkate uliotolewa maziwa hutoka mweupe kama mgonjwa hata ukiuacha ovenini dakika kumi zaidi, na hizo dakika kumi zinaukausha. Dawa si kuongeza moto, dawa ni kuhakikisha kuna sukari inayobaki. Mimi huongeza gramu 10 mpaka 15 za sukari juu ya ile ya kawaida. Mwezi wa Ramadhani, tende zikijaa madukani, naponda tende mbili tatu katika maji ya kukandia. Sukari yake ni ya aina inayoshika rangi haraka.

Ila ninachokipenda kuliko vyote ni kimea cha ulezi, kilekile cha togwa. Nafaka iliyochipuzwa ina vimeng'enya vinavyokata wanga wa ngano kuwa sukari wakati unga unaumuka, kwa hiyo sukari inatengenezwa pole pole huku hamira inakula. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya unga kinatosha. Usizidishe. Nilipojaribu vijiko vitatu mkate ulipanda vizuri, ukaiva, ukanukia, lakini kisu kilitoka na utando kama kimechovywa kwenye ugali ambao haujaiva. Vile vimeng'enya vilikuwa vimekata wanga mpaka hakuna cha kuushika mkate.

Kazi ya pili ni protini, na hapa ndipo soya inapoingia. Theluthi ya maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta ni protini, na soya ndiyo inayoyakaribia zaidi. Gramu 20 za unga wa soya mahali pa gramu 20 za maziwa, moja kwa moja. Malalamiko ninayopata ni harufu ya maharage mabichi. Harufu hiyo huja soya mbichi inaposagwa na kukutana na maji. Ukiipasha moto kabla ya kuisaga, haiji. Mimi natumbukiza punje nzima kwenye maji ambayo tayari yanatokota, robo saa, namwaga maji, naanika punje, kisha nakaanga kikavu mpaka ziwe na rangi ya karanga zilizoiva nusu, ndipo napeleka mashineni. Na mwambie mwenye mashine aisafishe kwanza. Unga wa lishe uliochanganywa usiutumie kama soya, mara nyingi una karanga, na mtoto mwenye mzio mmoja sitaki kumtafutia wa pili. Kama soya huna, unga wa dengu wa kupikia bajia unafaa, ila protini yake ni kidogo zaidi na ladha yake inajitokeza ukizidisha kijiko.

Maziwa ya boksi ya shayiri au lozi? Sehemu kubwa ni maji. Unalipia maji bei ya maziwa. Kama yamo nyumbani kandia, hayana ubaya, lakini usitegemee yafanye kazi ya maziwa ya unga. Korosho za kwetu zilizosagwa na maji ni tamu sana kwenye mkate, bei yake ndiyo inanizuia.

Halafu kuna ulaini na kukaa siku nyingi. Hapa watu hukimbilia kuongeza mafuta, na tui linasaidia kweli, lakini kinachoshika maji ndani ya mkate hasa ni wanga uliokwisha kuiva. Pika uji: gramu 25 za unga wa ngano kutoka kwenye ile nusu kilo yako, na mililita 125 za maji. Koroga kwenye moto mdogo mpaka ukipitisha mwiko unaona chini ya sufuria na njia haijifungi mara moja. Epua, upoe kabisa. Uji huo ukiingia kwenye unga, mkate wa siku ya tatu bado unakunjika bila kuvunjika. Kiazi kilichochemshwa na kupondwa hufanya kazi hiyohiyo.

Basi mkate wangu wa sasa uko hivi. Unga gramu 475 pamoja na ule uji, unga wa soya gramu 20, sukari gramu 30, chumvi gramu 9, hamira ya chenga gramu 6, kimea kijiko cha chai. Nakandia kwa mililita 200 za tui la pili, lile jepesi, kisha maji kijiko kimoja kimoja cha chakula mpaka unga ukubali. Mara nyingi naishia viwili au vitatu. Nakanda dakika nane. Ndipo naweka vijiko vitatu vya kasimile, yaani lile tui zito la kwanza, kidogo kidogo, nikiendelea kukanda. Ukiweka tui zito mwanzoni, mafuta yanaufunika unga kabla haujashikana na mkate unatoka mfupi. Unga utateleza na kukuchukiza dakika mbili za kwanza. Endelea tu.

Tui la kukamua halisubiri. Kwa joto letu la Machi, lililokamuliwa asubuhi jioni limeshaanza kuchacha, kwa hiyo likamue saa ileile unayokanda. Mdogo wangu wa Lushoto yeye alinipigia kwa shida ya kinyume: "Dada, tui lako limeganda, limekaa vipande vipande ndani ya unga." Ilikuwa Julai. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, na Julai ya Lushoto jikoni hakufiki huko. Nikamwambia aweke bakuli la tui ndani ya maji ya uvuguvugu kwanza, na auongezee unga muda wa kuumuka. Kwangu huumuka dakika 50, kwake karibu saa mbili.

Kwenye bati, ukishapanda tena mpaka juu ya ukingo kidogo, oveni nyuzi 190, dakika 35. Wenye jiko la mkaa na sufuria la mchanga, punguzeni mkaa wa juu dakika 15 za mwisho, maana ganda la mkate huu hushika rangi haraka kuliko mnavyodhani.

Kung'arisha juu napaka tui jepesi lenye sukari kidogo, mkate ukiwa bado haujaingia motoni. Na brashi ya kupakia tui hilo nimenunua mpya, ina mpini mwekundu, inaning'inia peke yake karibu na dirisha. Ile ya zamani ilishapaka siagi miaka minne, na nywele zake hata uzioshe vipi zinabaki na utelezi.