Orodha ya Majina Ishirini na Mawili Haikifanyi Kifaa Kuwa cha Pamoja

Wiki iliyopita mtafiti mwenzangu, ambaye ninamheshimu sana, aliniletea rasimu ya maombi ya ruzuku ya hadubini ya konfokali, ile inayopiga picha za sampuli kwa leza. Kurasa nane zilieleza leza, vigunduzi na ubora wa lenzi, na ukurasa wa tisa ulikuwa na orodha ya majina ishirini na mawili chini ya kichwa cha Watumiaji. Nilipomuuliza watu hao watafanya nini na hadubini hiyo, alinijibu kwamba kazi ya orodha ni kuonyesha kuwa kifaa ni cha pamoja, yaani kitatumiwa na watafiti wengi, na kwamba jopo la wakaguzi wa maombi litaridhika likiona watu ni wengi. Jibu hilo nimelisikia kwa miaka yote ambayo nimesimamia vifaa vya pamoja, na safari hii nimeona ni heri niandike.

Ruzuku ya kifaa cha pamoja si ruzuku ya utafiti iliyoambatishwa ankara kifani, yaani makisio ya bei kutoka kwa muuzaji. Katika ruzuku ya utafiti, jopo huuliza kama swali lako linastahili kujibiwa. Hapa, kwa sehemu kubwa, swali hilo limekwisha kujibiwa na ruzuku ambazo watumiaji wako tayari wanazo. Ndiyo maana mpango wa S10, wa ruzuku za vifaa, wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani (NIH) hudai watumiaji wakuu wasiopungua watatu, kila mmoja akiwa na ruzuku hai ya taasisi hizo. Ni watatu tu wanaodaiwa. Jopo linachotaka kujua ni kama saa za kifaa zitajazwa na kazi ambayo vifaa vilivyopo haviwezi kuifanya.

Saa hizo huhesabiwa, na hapa ndipo rasimu nyingi hunikatisha tamaa. Chukua hadubini inayohitaji mtu akae nayo. Wiki 52, kila moja ikiwa na saa 40 za kazi, ni saa 2,080 kwa mwaka. Ondoa saa 80 za matengenezo, saa 4 kila wiki kwa wiki 50 za usafishaji na urekebishaji, yaani 200, kisha saa 100 za kuwafundisha watumiaji wapya. Zinabaki 1,700, na hicho ndicho kigawanyo chako, yaani saa ambazo watumiaji watagawana. Sasa mtumiaji mmoja ana sampuli 60 za tishu, slaidi tatu kwa kila sampuli, saa mbili kwa kila slaidi: hizo ni saa 360. Ongeza slaidi moja ya udhibiti, yaani ya kulinganishia, kwa kila slaidi sita na utapata saa 60 zaidi, jumla 420, ambazo ni karibu robo ya mwaka mzima wa kifaa. Watumiaji wanne wa namna hiyo wanakijaza. Mkaguzi akiisoma aya kama hiyo, hahitaji kuambiwa kwamba kifaa kitatumika sana, kwa kuwa ameona sampuli, ameona muda, na anaweza kuirudia hesabu mwenyewe kwa kalamu. Majina ishirini na mawili yasiyo na hata saa moja mbele yao hayampi cha kupima, na mbaya zaidi, humfanya ashuku kwamba hata wale watatu wenye mahitaji ya kweli wameingizwa kwa kujaza nafasi.

Kigawanyo chenyewe nacho kinahitaji kutetewa, jambo ambalo sijaliona katika rasimu yoyote ya mara ya kwanza. Spektrometa ya masi, yaani kifaa cha kupima uzito wa molekuli, yenye kipakiaji cha sampuli cha kujiendesha hufanya kazi usiku kucha bila mtu, kwa hiyo anayeihesabia saa 40 kwa wiki anajidhulumu. Kinyume chake, anayepiga picha za seli hai kwa saa 48 mfululizo huwafungia wengine mlango kwa siku mbili, hata kama hesabu yake ya wiki inaonekana ndogo. Eleza kifaa chako ni cha aina gani kabla hujagawanya saa zake.

Nikiri jambo moja ambalo miongozo ya uandishi wa maombi hailisemi. Makadirio haya ya saa, hata yakiandaliwa kwa uaminifu, hukosea sana. Nimewaona watumiaji walioahidi robo ya mwaka wakaja mara tatu tu, na nimeona maabara ambayo haikutajwa popote katika maombi ikawa mtumiaji mkubwa kuliko wote ndani ya miezi sita. Bado ninayadai makadirio hayo kwa kila mtu, kwa sababu yanamlazimisha mtafiti kuupanga mradi wake hadi kwenye slaidi ya mwisho, lakini sina hakika kwamba yanatabiri lolote.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni rejista ya matumizi ya kifaa cha zamani. Kama chuo kina hadubini ya aina hiyo, onyesha saa zilizotumika, siku ilizoharibika, na muda ambao watu wanasubiri nafasi. Kisha taja kipimo mahususi ambacho hadubini hiyo haikiwezi. Kusema kwamba imezeeka hakutoshi, kwa sababu kifaa kilichozeeka na bado kinatoa data nzuri ni sababu ya kutokununua.

Kuhusu chumba kitakamowekwa kifaa nitakuwa mfupi. Hadubini ya elektroni huathiriwa na mitetemo na nguvu za sumaku zilizo karibu, na sumaku ya NMR, kifaa kinachochunguza muundo wa molekuli kwa nguvu za sumaku, huhitaji heliamu kimiminika yenye nyuzijoto karibu -269 za Selsiasi, ambayo lazima iongezwe kwa ratiba. Pima chumba kwanza, kisha andika.

Baada ya ununuzi huja gharama ambayo watu huificha hata kwa nafsi zao. Tuseme kifaa ni cha dola 400,000 na mkataba wa matengenezo ni asilimia 10 ya bei kwa mwaka. Hizo ni dola 40,000, yaani karibu dola 24 kwa kila saa kati ya zile 1,700, na kikitumika kwa asilimia 60 tu zinafika 39, kabla hujamlipa mtu yeyote mshahara. Ada wanayotozwa watumiaji kwa saa ikipanda, mwanafunzi asiye na ruzuku hukaa nje, na ukiishusha, mkuu wa kitivo atakuuliza pengo litazibwa na nani. Sijapata ada ambayo imewatendea haki wote wawili. Ninachosisitiza ni kwamba barua ya chuo itaje kiasi na idadi ya miaka, kwa sababu barua inayosema chuo kinaunga mkono kwa dhati hailipi fundi.

Na fundi, au tuseme mtaalamu wa kifaa, ndiye anayesahaulika kuliko wote. Yeye ndiye atakayefundisha, atakayegundua kwamba leza imeanza kufifia, na atakayemkatalia mwenye cheo kikubwa anayetaka kuruka foleni. Nilimwambia mwenzangu apunguze kurasa nane za lenzi hadi mbili, na nafasi iliyobaki agawie jedwali la saa na aya ya mtaalamu huyo: nani atamwajiri, nani atamlipa, na nani atashika nafasi yake akiondoka. Amekubali jedwali. Kuhusu mshahara, bado tunabishana.