Dodoma ya mgeni: tarehe kwanza, hoteli baadaye

Mtu akinipigia kwamba anataka kuja kutembea Dodoma, namuuliza tarehe kabla sijamuuliza wako wangapi. Kazi yangu ni kuongoza wageni mkoani hapa, na kalenda inayopanga bei ya vyumba katika mji huu ni ya Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni wabunge wanakaa kupitisha bajeti. Mawaziri wanakuja na maofisa wao, waandishi wa habari wanakuja, na kila mwenye shauri lake wizarani naye yumo. Gesti iliyokuwa inakubembeleza uingie mwezi Machi, Juni inakuambia kimebaki chumba kimoja na bei haipungui. Wiki ya kusomwa bajeti, katikati ya Juni, usihangaike hata kupiga simu. Wiki ya Nane Nane, maonyesho ya wakulima ya mwanzoni mwa Agosti, nayo ni hivyo hivyo, maana viwanja viko Nzuguni, humu humu mjini.

Mimi nasema njoo Julai, Bunge likishaahirishwa. Mvua zimekwisha, njia za vumbi zinapitika, vyumba vimeshuka. Ila beba sweta. Watu wa pwani huwa hawaamini kwamba Dodoma kuna baridi mpaka usiku wa kwanza uwakute nje: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa hapa hauna kitu cha kuuzuia.

Kufika siku hizi si kazi. Tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, ile ya haraka inatumia chini ya saa nne. Basi lilikuwa linamaliza siku. Kata tiketi mapema, hasa ya Ijumaa na Jumapili, na usisahau kitambulisho.

Kuhusu hoteli, usidanganywe na picha za kitanda. Uliza maji. Dodoma ni nchi kavu, maji ya bomba yana zamu zake katika mitaa mingi, kwa hiyo unachotaka kusikia ni kwamba wana simtank za kutosha na kwamba heater inafanya kazi. Halafu uliza iko wapi. Hoteli ya upande wa Mtumba inamfaa mwenye kikao kwenye Mji wa Serikali, zilipo ofisi za wizara. Wewe uliyekuja kutembea utamalizia hela kwenye bajaji. Kaa Area C, Area D au katikati ya mji. Mpenda historia nampeleka Hoteli ya Dodoma, jirani na stesheni ya zamani, angalau akanywe chai. Mji huu ulizaliwa na ile reli ya Wajerumani iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, na ukikaa pale unaelewa haraka kwa nini mitaa ya zamani yote imejibana karibu na njia ya treni.

Katikati ya mji panakutosha nusu siku kwa miguu: Nyerere Square, Kanisa Kuu la Anglikana lenye kuba, soko la Majengo, kisha bajaji hadi Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kweli kweli baada ya tangazo la 2016, na hadhi ya jiji imekuja 2018. Ndiyo maana majengo mengi utakayoyaona yana umri mdogo kuliko wewe.

Usiku wa hapa una tabia yake. Kipindi cha Bunge, Jumanne na Jumatano ndizo zenye watu, kwa sababu Ijumaa waheshimiwa wanarudi majimboni au Dar. Bunge likifungwa mji unabaki kwa wenyeji na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na Jumamosi inarudi kuwa Jumamosi. Pa kuanzia ni Chako ni Chako, kwa kuku wa kuchoma. Muziki utafuata wenyewe. Na usiagize bia tu. Zabibu zililetwa na wamisionari wa Bihawana miaka ya 1950, hapa zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na bado mtu anatoka Dodoma hajaonja chochote zaidi ya ule mvinyo mtamu wa harusini. Omba mwekundu mkavu wa zabibu za Makutupora.

Siku ya pili ondokeni alfajiri kwenda Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, kwa lami ya Babati. Hapo ndipo ulipo ukale wenyewe wa mkoa huu. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Ripoti kwanza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, ulipie na upewe mwongozaji. Michoro myekundu ndiyo ya zamani, ya wawindaji: watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa vya nywele, twiga, tembo, pofu. Ile myeupe imekuja baadaye, ya wakulima na wafugaji, na mara nyingine imepakwa juu ya myekundu bila kujali. Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili mingi mwaka 1951. Pale Mungomi wa Kolo, moja ya miamba yenye michoro, wazee bado wanapanda kufanya matambiko ya mvua, kwa hiyo ukikuta kuna shughuli, subiri. Utaona pia mashimo ya watu wanaoamini Wajerumani walifukia hazina. Na tafadhali usimwagie mwamba maji ili picha ing'ae, rangi inaondoka.

Wenye gari wakirudi Dar wanaweza kukata kulia pale Mbande waingie Kongwa. Waingereza walijaribu kulima karanga huko kuanzia 1947, wakashindwa na kuacha 1951. Kuanzia 1964 palikuwa kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini miongoni mwao, na Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, aliishi pale. Sehemu ya eneo hilo sasa ni shule, kwa hiyo nendeni siku ya kazi na mpitie ofisini kwanza.