Vicheko vya Wifi Wawili

Vijana ninaowafundisha uandishi wa filamu huwa nawataka waitazame komedi ya mapigano mara mbili. Mara ya kwanza wacheke tu. Mara ya pili washike daftari, na kila penye kicheko waandike nani anachekesha, nani anachekwa, na kwa sababu gani. Kuhesabu wanawake waliopo kwenye bango hakutoshi. Mwanamke anaweza kuonekana mwanzo hadi mwisho na bado kazi yake ikawa kupiga mayowe, kuokolewa, au kuvaa kigauni kifupi ili amhadae jambazi.

Korea Kusini ilitoa filamu mbili mwaka 2019 ambazo hufanya zoezi hili liwe tamu. Ya kwanza, Extreme Job, ilitoka Januari. Maaskari watano wa kikosi cha kupambana na dawa za kulevya wanafungua duka la kuku wa kukaanga ili wawachungulie wahalifu waliopanga jirani, na biashara inachangamka kuliko upelelezi wenyewe. Zaidi ya tiketi milioni 16 ziliuzwa, katika nchi yenye watu milioni 51 hivi. Kati ya watano hao mwanamke ni mmoja, Jang, anayeigizwa na Lee Hanee, aliyekuwa Miss Korea 2006. Mwongozaji Lee Byeong-heon hakuutumia urembo huo hata kidogo. Jang ana nywele timtim, uso haukupakwa kitu, na ulimi wake hauna breki. Mpishi wa duka ni Ma, mwanamume, mtoto wa wenye mgahawa wa mbavu za kuchoma huko Suwon. Pambano la mwisho linapofika tunaambiwa Jang aliwahi kuwa bingwa wa Asia wa Muay Thai, ndondi za Kithai za ngumi na mateke, na anayemkabili upande wa pili ni mlinzi wa kike wa bosi wa dawa. Hakuna anayeshangaa kwamba wanawake hawa wanapigana hivyo. Ninaupenda sana utulivu huo wa mwandishi, ingawa mmoja kati ya watano bado ni mmoja.

Ya pili ndiyo hasa iliyonifanya niandike leo. Girl Cops ya mwongozaji Jung Da-won ilitoka Mei mwaka huohuo. Mi-young, anayeigizwa na Ra Mi-ran, alikuwa askari machachari wa kikosi cha wanawake miaka ya 1990. Akaolewa, akazaa, akaishia dirisha la malalamiko la polisi, na hata kazi hiyo iko hatarini. Ji-hye, anayeigizwa na Lee Sung-kyung, ni mpelelezi kijana mwenye hasira za haraka, anayeletwa dirisha hilohilo kama adhabu. Tena ni dada wa mume wa Mi-young. Kwetu neno ni moja, wifi, na msomaji wa Kiswahili ameshajua nusu ya utani kabla haujasemwa.

Siku moja msichana anafika pale dirishani, anashindwa kusema shida yake, anaacha simu, anatoka na kujitupa barabarani mbele ya gari. Amerekodiwa kwa siri, na video inakaribia kusambazwa mtandaoni. Wifi hao wanazunguka idara moja baada ya nyingine, na kila moja ina udhuru wake. Hapo daftari linajaa: tunaucheka mfumo unaokwepa kazi, tunawacheka wifi wanaogombana, lakini msichana yule hachekwi hata mara moja. Huu ni ufundi mgumu, hasa kwa kuwa mwaka mmoja nyuma makumi ya maelfu ya wanawake walikuwa wameandamana karibu na kituo cha treni cha Hyehwa, Seoul, kupinga kamera hizo za siri zinazowarekodi wanawake. Mzaha mmoja mahali pabaya ungeiua filamu nzima.

Kasoro zipo. Wanaume karibu wote ni wazembe au waovu, na komedi hupungua ladha mpinzani anapokuwa hana akili. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba baada ya ajali msichana yule tunamsikia kidogo mno. Ningempa angalau tukio moja la kujieleza mwenyewe.

Ila hasira iliyoipokea filamu hii haikuhusu kasoro hizo. Kwenye Naver, tovuti ya Korea ambako watazamaji walizipa filamu alama, wanaume wengi waliipa alama za chini kabisa, na wanawake wakaipa za juu. Wanawake wengine walinunua tiketi hata kama hawangeweza kwenda ukumbini, desturi waliyoiita kutuma roho: mwili uko kazini, kiti kimelipiwa. Filamu ikavuka watazamaji milioni 1.6.

Ra Mi-ran alianza kuonekana kwenye filamu mwaka 2005. Miaka 14 ya majirani, mashangazi na wauza duka ndipo akakabidhiwa uhusika mkuu, akiwa na miaka 44. Mwaka uliofuata akaongoza komedi nyingine, Honest Candidate, iliyotokana na filamu ya Brazil ambayo mhusika wake mkuu alikuwa mwanamume. Wakorea walimgeuza akawa mbunge mwanamke asiyeweza tena kusema uongo. Februari 2021, kwa uhusika huo wa kuchekesha, Ra Mi-ran alipanda jukwaa la tuzo za filamu za Korea za Blue Dragon kuchukua ya mwigizaji bora wa kike.