Joan Chen hakutolewa na Hollywood

Nimelisikia tena, na safari hii limetoka kwa kijana niliyedhani amenielewa muhula mzima. "Mwalimu, si yule dada wa Kichina aliyetolewa na Hollywood? Yule wa kwenye picha ya Steven Seagal?" Darasa zima likaitikia: ndiyo, huyohuyo. Wengine wamemwona kibanda umiza, wengine wamesimuliwa na kaka zao waliomwona kibanda umiza. Basi ngoja niandike mara moja, siku nyingine mtu akiniuliza nimtumie hii ninyamaze.

Joan Chen, muigizaji ambaye kwao anaitwa Chen Chong, alizaliwa Shanghai Aprili 1961, mtoto wa madaktari. Hollywood haikumtoa, yaani si iliyomfanya nyota. Alipofika Marekani alikuwa ameshatoka zamani, tena kwa ukubwa ambao waigizaji wengi wa Kimarekani wa rika lake walikuwa wakiuota tu, na Hollywood ikamwanzisha upya kama mgeni asiyejulikana. Halafu hiyo picha ya Seagal, On Deadly Ground ya 1994: humo hata si Mchina. Anacheza binti wa wenyeji wa Alaska. Seagal aliiongoza mwenyewe, akajiwekea na hotuba ya mazingira mwishoni, na ikamletea tuzo ya kejeli ya mwongozaji mbovu wa mwaka. Hiyo ndiyo kazi mnayomkumbukia mwanamke huyu.

Turudi nyuma. Mwaka 1975, akiwa na miaka 14, alichukuliwa kwenye mafunzo ya uigizaji ya Studio ya Filamu ya Shanghai. Simulizi inayorudiwa kila mahali ni kwamba Jiang Qing, mke wa Mao kiongozi wa China, alimwona kwenye uwanja wa kulenga shabaha wa shule yao, binti ameshika bunduki, akampenda. Mimi simulizi za "kugunduliwa" huwa nazipokea kwa mkono wa kushoto. Katika fani yetu kila nyota ana yake, na zote zimepigwa pasi mpaka mikunjo imekwisha: hakuna usaili, hakuna waliokataliwa, hakuna mjomba anayefahamiana na mtu studio. Hii ya Joan Chen naifundisha kwa sababu inaonesha nani alikuwa na mamlaka juu ya sinema ya China wakati ule. Kwamba mambo yalikwenda vizuri hivyo kama inavyosimuliwa, hapo nasita.

Mwaka 1977 mwongozaji Xie Jin, mmoja wa wakubwa kabisa wa kizazi chake, alimpa uhusika mkuu katika Qingchun, binti kiziwi anayetibiwa na kuanza kusikia. Miaka miwili baadaye ikaja Xiao Hua, yaani Ua Dogo, hadithi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na binti anayemtafuta kaka yake aliyeingia jeshini. Hapo ndipo nchi nzima ilipomjua. Mwaka 1980 akapata tuzo ya Maua Mia ya muigizaji bora wa kike, ambayo wakati ule mshindi wake alichaguliwa kwa kura za wasomaji wa jarida la sinema la Dazhong Dianying. Si majaji watano waliojifungia hotelini. Ni wasomaji, kwa kura zao. Alikuwa na miaka 19.

Sasa niseme kitu ambacho vitabu vya historia ya sinema huwa vinakipitia kwa haraka. Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao ya kusafisha nchi kisiasa, yalidumu tangu 1966 hadi 1976, na kwa muda mrefu wa kipindi hicho watu walioneshwa opera zilezile za mfano, wanamapinduzi walewale wenye nyusi nzito. Watazamaji wa 1979 walikuwa na njaa. Binti wa miaka 18 anayelia kwa sababu amemkosa kaka yake, na wala si kwa ajili ya chama, lilikuwa jambo jipya machoni mwao. Kwa hiyo ukiniuliza kama tuzo ile ilikuwa ya uigizaji peke yake, nitakujibu kwamba sina hakika. Nikiitazama leo naona macho yanayoinuliwa kuelekea upeo wa macho kama ya kwenye bango, naona na nukta chache za ukweli mtupu zinazopenya katikati. Zile nukta ndizo zilizonifanya nimfuatilie. Ila umaarufu haubishaniwi. Alikuwa nyota wa taifa la watu karibu bilioni moja.

Na wakati huohuo alikuwa anasoma. Hili ndilo linaloniudhi zaidi linapoachwa. Hakuwa amekaa akingoja kuitwa, alikuwa mwanafunzi wa Kiingereza katika chuo cha lugha za kigeni cha Shanghai. Mwaka 1981, akiwa na miaka 20, aliondoka kwenda Marekani kusoma, kwanza New Paltz katika jimbo la New York, kisha akahamia California, Northridge, kusomea filamu. Aliacha umaarufu wote ule nyuma yake kwa hiari. Nani "alimtoa" nani hapo?

Marekani ikampa ilichowapa wenzake wote wenye sura kama yake. Vipande vya tamthilia: ukitazama MacGyver na Miami Vice za 1985 utamkuta. Halafu Tai-Pan ya 1986, ambapo anacheza mwanamke aliyewekwa nyumba na mfanyabiashara wa Kiskoti Hong Kong. Nayo ina simulizi yake ya kugunduliwa, safari hii mtayarishaji Dino De Laurentiis alimwona kwenye maegesho ya magari ya studio. Bunduki, maegesho, ni yaleyale. Picha yenyewe haikuwa na maana kubwa, na nyumbani China alisemwa sana kwa kuikubali.

Mwaka uliofuata ndipo ikaja The Last Emperor ya Bernardo Bertolucci, na hapa lazima nikae kidogo kwa sababu kila mtu huanzia hapa.

Anacheza Wanrong, mke wa mfalme wa mwisho Puyi. Anaingia akiwa binti mchangamfu wa kisasa, anatoka akiwa mateka wa kasumba, yaani afyuni. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar tisa ikashinda zote tisa. Sasa tazama orodha ya tisa hizo: picha bora, mwongozaji, mswada, kamera, uhariri, muziki, sauti, mavazi, mandhari. Muigizaji je? Hakuna hata mmoja aliyeteuliwa. Si yeye, si John Lone aliyebeba filamu nzima mgongoni kama Puyi. Waliwapa tuzo walioshona majoho, wakawaruka waliokuwa ndani ya majoho. Mtu akiniambia Hollywood "ilimtawaza" 1987, naomba anioneshe taji.

Kuna tatizo jingine ambalo wanafunzi hawalioni mpaka niwafungie sauti. Katika filamu ile Wachina wanazungumza Kiingereza wao kwa wao, ndani ya kasri la Beijing, lililopigwa picha Beijing kwelikweli. Muigizaji anayeishi uhusika katika lugha ya pili anapoteza silaha. Hawezi kumeza nusu ya neno au kuiacha sentensi idondoke bila kufikiri. Kila kitu kinatoka kimenyooka mno. Nimejaribu miaka mingi kuipima kazi yake humo na bado nayumba: mistari ya maneno naiona ya kawaida. Kisha inakuja sherehe ya kutawazwa kwa Puyi kama kibaraka wa Wajapani kule Manchuria. Wanrong amekaa peke yake, anachuma maua ya mapambo, anayatia mdomoni, anayatafuna, machozi yanamtoka. Hakuna mstari wa kusema. Utazame utafunaji wake. Hatafuni kama mwendawazimu wa filamu. Anatafuna taratibu kama mtu mwenye kazi ya kumaliza. Nikiwa na dakika mbili tu za kumweleza mtu kuigiza ni nini, namwonesha hizo.

Twin Peaks nitaipita haraka. Ni tamthilia ya 1990, na sura ya kwanza unayoiona ikianza ni yake, mbele ya kioo. Uhusika ule wa Josie uliandikwa kwa ajili ya muigizaji Isabella Rossellini. Alipokosekana, Muitalia akageuzwa kuwa mwanamke kutoka Hong Kong. Mwisho wa Josie ni kwamba roho yake inanaswa ndani ya kitasa cha mbao cha droo. Sitanii. Wapenzi wa David Lynch, mmoja wa walioitunga tamthilia hiyo, wana maelezo marefu kuhusu kitasa hicho, nami nawaachia.

Linaloeleza maisha yake ya kazi kuliko yote ni mwaka 1994, mwaka uleule wa Seagal. Wakati Marekani anavalishwa manyoya ya Alaska ili Seagal awe na wa kumsikiliza akihutubia, alikuwa pia na filamu nyingine, Red Rose White Rose ya Stanley Kwan, mwongozaji wa Hong Kong, kutoka kwenye hadithi ya mwandishi Eileen Chang. Humo ni Wang Jiaorui, mke wa mtu katika Shanghai ya zamani anayempenda mpangaji wao, mwanzo kwa mchezo, kisha kwa moyo wote, mpaka mwanamume anaogopa na kukimbia. Anazungumza Kichina. Anameza maneno. Anacheka mahali ambapo mswada haukuandika kicheko, au basi anakufanya uamini hivyo. Akashinda tuzo ya Farasi wa Dhahabu kule Taipei kama muigizaji bora wa kike. Mwili ni uleule, na mwaka ni uleule. Kwa hiyo mnaposema "alipotea baada ya Twin Peaks", hakupotea. Nyie mlikuwa mnatazama upande mwingine.

Na mwaka mmoja nyuma Oliver Stone alikuwa amemfanya mama mkulima wa Kivietnamu katika Heaven & Earth, akiwa na miaka thelathini na kidogo. Mchina, Mvietnamu, mwenyeji wa Alaska: kwa ofisi za kule vyote vilikuwa kabati moja.

Ukichoka kupewa, unatengeneza. Mwaka 1998 aliongoza filamu yake ya kwanza, Xiu Xiu, kutoka kwenye hadithi fupi ya rafiki yake mwandishi Yan Geling. Binti wa mjini Chengdu anapelekwa nyanda za juu za Watibeti mwaka 1975 kujifunza ufugaji wa farasi, kama vijana wengi walivyopelekwa mashambani, na wenye vyeo wanaomwahidi kibali cha kurudi nyumbani wanaulipisha mwili wake kwanza. Aliipiga bila kibali cha serikali ya China. Akatozwa faini ya dola 50,000 na kwa muda akazuiwa kufanya kazi nchini kwake. Farasi wa Dhahabu wakaipa tuzo saba, ikiwemo filamu bora na mwongozaji bora. Nina wasiwasi nayo, niseme kweli. Nusu ya kwanza ni nzuri kupita kiasi, milima na mawingu yanapendeza mno kwa mambo yanayokuja, na wakati mwingine nadhani marufuku iliifanya iheshimiwe kuliko inavyotazamwa. Nusu ya pili inaninyamazisha kila mara. Angalia mwaka wenyewe: 1975, wakati Xiu Xiu anapelekwa nyikani, ndio mwaka Joan Chen mwenyewe alipochukuliwa studio.

Baada ya hapo aliongoza Autumn in New York, 2000, Richard Gere na Winona Ryder. Tuiache. Mwaka 2007 alikuwa kila mahali: kwa mwongozaji Ang Lee katika Lust, Caution, kwa mwongozaji Jiang Wen, na Australia katika The Home Song Stories, mwimbaji wa kilabu cha Shanghai anayewaburuta watoto wake wawili kutoka mwanamume hadi mwanamume. Farasi wa Dhahabu mwingine. Runinga: Marco Polo, kisha tamthilia ya kasri ya Ruyi. Na 2024 Dìdi ya Sean Wang, mama mhamiaji wa California anayechora picha zisizotazamwa na mtu nyumbani kwake, uhusika mtulivu kuliko yote aliyowahi kupewa Marekani, miaka 43 baada ya kufika.

Nimeiacha makusudi moja, 24 City ya Jia Zhangke, 2008. Kiwanda cha serikali mjini Chengdu kinabomolewa yajengwe maghorofa. Wafanyakazi wanahojiwa mbele ya kamera, wengine wa kweli, wengine waigizaji, na hutangaziwi yupi ni yupi. Joan Chen anaingia kama mfanyakazi wa kiwanda mwenye asili ya Shanghai, amezeeka kidogo, hajaolewa. Anasimulia kwamba alipokuwa msichana wenzake kiwandani walimpachika jina la Xiao Hua, kwa sababu ilitoka filamu moja na alifanana kabisa na yule nyota wake, Joan Chen. Anayasema hayo kwa uso mkavu, na sura ile ni yake mwenyewe. Jia Zhangke haweki maelezo yoyote pale. Hakuwa na haja ya kuweka, maana kila aliyekuwa China mwaka 1979 alielewa.