Udongo nao unapumua, na joto likipanda unahema

Chota udongo wenye unyevu chini ya mwembe, utie kwenye chupa, usimamishe humo kikombe kidogo cha maji ya chokaa bila kuyamwaga, ufunge kifuniko vizuri. Kesho yake yale maji yamekuwa meupeupe. Hakuna uchawi, ni bakteria na kuvu wamekula mabaki ya majani usiku kucha na wakapumua hewa ukaa kama mimi na wewe tu, na hiyo ndo iliyoyafanya maji ya chokaa yawe meupe.

Sasa joto. Maziwa yakilala nje siku za jua kali si yanawahi kuchacha? Udongo ni hivyo hivyo, ukiongeza nyuzi 10 kasi ya kupumua inaweza kufika mara mbili hivi, ilimradi kuna unyevu, ndo maana wengi walidhani hesabu ni nyepesi, dunia ikipata joto kaboni inatoka udongoni kama hewa ukaa, ikitoka joto linazidi, basi. Kumbe wapi.

Kuna msitu Massachusetts, Marekani, unaitwa Harvard Forest. Mwaka 1991 Jerry Melillo na wenzake walizika nyaya za umeme sentimita 10 chini, wakapasha udongo uzidi wa jirani kwa nyuzi 5, mwaka mzima. Miaka kama 10 ulihema kweli kweli, halafu kimya, miaka kama 7 huoni tofauti ya maana. Mwenye haraka angesema vijidudu wameshazoea, wakati wenyewe walikuwa wamemaliza chakula laini tu na jamii yao inajipanga upya, wakashika nafasi wanaoweza kutafuna vigumu kama lignini, ile inayokaza mbao, na kaboni ikaanza kutoka tena. Matokeo ya miaka 26 yalitoka 2017: sentimita 60 za juu zilishapoteza asilimia 17 ya kaboni yake.

Kinachoninyima usingizi mimi ni Panama, kisiwa cha Barro Colorado, huko ni tropiki kama kwetu. Udongo ulipashwa nyuzi 4 tu, miaka miwili, hewa ukaa inayotoka humo ikapanda asilimia 55!

Na huku kwetu kuna ishu ya mvua pia. H. F. Birch wa Muguga, karibu na Nairobi, alionyesha 1958 kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa ghafla, vijidudu wanaamka na kupumua kwa fujo. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya vuli ikidondoka ukatukuta tumeinamia vidumu tulivyovifudikiza shambani kunasa hewa ukaa ya udongo, usitushangae, hiyo ndo siku yetu ya kupima.