Sheria ya bayoteknolojia si kibali cha GMO

Kwa mara nyingine tena mkulima amesimama kikaoni na kuniuliza kwa nini tulitunga sheria ya kuleta GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa vinasaba. Nimekagua mashamba ya majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba kwa miaka mingi, na swali hili limenichosha.

Kenya ilipitisha Sheria ya Usalama wa Viumbe mwaka 2009, lakini Novemba 2012 Baraza la Mawaziri likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, na marufuku hiyo ikadumu hadi Oktoba 2022, sheria ikiwapo muda wote. Nchini Uganda, mswada wa sheria kama hiyo uliopitishwa na Bunge mwaka 2017 Rais alikataa kuutia saini, ilhali migomba iliyobadilishwa vinasaba ilikuwa imepandwa kwa majaribio huko Kawanda tangu 2007. Basi kuwapo kwa sheria hakukufungua mlango, wala kukosekana kwake hakukuufunga.

Kinachobadilika ni nguvu ya mkaguzi. Katika jaribio la mahindi, mbelewele, yaani maua ya kiume yaliyo kileleni mwa shina, hukatwa au hufunikwa mifuko kabla hazijamwaga chavua. Siku moja nilipita mstari kwa mstari, nikakuta shina moja lililosahaulika karibu na uzio, nikaligusa, na vumbi la njano likabaki kwenye mkono wa shati langu. Pasipo sheria ningemsihi mtafiti alikate na kutumaini kwamba hakuna mengine. Kwa kuwa sheria ilikuwapo, nilimwamuru, nikaandika taarifa, naye akalazimika kujieleza kwa maandishi na kulinda shamba lile dhidi ya maotea, yaani mimea inayojiotea yenyewe, hata baada ya mavuno. Hiyo ndiyo kazi ambayo watu huiita kuleta GMO!

Fomu, ada na lebo nitaziacha, kwa kuwa hizo hupatikana katika kanuni yoyote.

Shaka yangu iko kwingine. Wataalamu wa vinasaba katika nchi zetu ni wachache, na anayetathmini ombi mara nyingi amesoma darasa moja na aliyeliandika. Akijiondoa kwa uaminifu, huenda asipatikane mwingine wa kulisoma. Aidha, Ibara ya 26 ya Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa kuhusu usalama wa viumbe hivi, inaruhusu nchi kuzingatia athari za kijamii na kiuchumi, nami naiunga mkono kwa moyo wote, lakini nikiketi mezani na faili bado sijui nipime kwa kigezo gani thamani ya mkulima kujiwekea mbegu yake mwenyewe hadi msimu ujao.