Je, wajua kwa nini mwamba wa pweza hufunguliwa siku za bamvua?

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wavuvi hufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Hakuna kuchokoa pweza, hakuna kuzamia. Siku ya kuufungua haichaguliwi ovyo: huangaliwa mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa sana, ndiyo bamvua, na mwamba hutokeza kwa saa chache.

Kwa nini isiwe siku yoyote? Pweza ana wavuvi wa namna mbili. Wapo wenye miwani ya kuzamia, ambao hata maji mafu, yaani siku bahari isipopwa sana, kwao ni kazi. Na wapo wanaokwenda kwa miguu, wengi wao wanawake, mchokoo, yaani kijiti cha kuchokolea pweza tunduni, mkononi. Fungua wakati wa maji mafu, wazamiaji watatangulia, na akina mama watafika wakute matundu matupu. Kujua bamvua, basi, ni kujua pia nani atakula nini.

Pweza mwenyewe anasaidia, maana ana haraka ya kukua. Akiwa mchanga, uzito wake huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki chache. Jike hutaga maelfu ya mayai tunduni, huyalinda bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Ukimchokoa kabla ya hapo umeondoka na ukoo mzima.

Mtindo huu ulivuma kutoka Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska. Mwaka 2004 wavuvi wa jamii ya Wavezo walifunga mwamba wa Nosy Fasy kwa miezi saba. Kilichowafanya watu watii ni dina, yaani kanuni ambazo wanakijiji hukubaliana wenyewe pamoja na faini zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipitia vipindi 36 vya kufunga miamba huko: mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pweza waliotoka kwenye miamba hiyo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700.

Neema hiyo haikai, lakini. Siku ya ufunguzi watu hujaa, matumbawe hukanyagwa, na baada ya siku chache mavuno huanza kushuka. Halafu kuna ile miezi ya kungoja: mwenye ngalawa atahamia mwamba mwingine, ila anayetegemea miguu ataenda wapi? Ndiyo maana hufungwa kipande tu. Na ukitaka kujua kipande gani kina pweza wa kutosha bila kumwacha mtu na njaa, muulize anayekipitia kila bamvua, tundu kwa tundu.